Bomba la Mraba Linapogeuzwa Nguzo

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, nyumba isiyo na tangi la akiba imekuwa nadra. Maji yakikatika siku mbili tatu, familia huishi kwa tangi hilo, na ili maji yashuke kwa nguvu hadi jikoni na bafuni, tangi hupandishwa juu ya mnara. Tangi la lita 5,000 likijaa hubeba tani 5 za maji. Mzigo wote huo hushuka ardhini kupitia nguzo nne, na mara nyingi nguzo zenyewe ni mabomba ya mraba yaliyonunuliwa hadiwea, yakakatwa kwa msumeno wa umeme, yakachomelewa palepale uani na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.

Bomba hilo limeenea kila mahali. Linashikilia vibaraza vya maduka, mapaa ya maegesho ya magari, mabango ya barabarani na vibanda vya sokoni. Limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeliuliza maswali, na hapo ndipo pana hatari, kwa sababu nguzo ya chuma iliyo tupu ndani ina tabia ambazo jicho haliwezi kuziona. Wataalamu wamezichunguza tabia hizo kwa zaidi ya miaka 270. Mengi waliyoyagundua yanaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi, na yanamhusu moja kwa moja fundi wa kuchomelea pamoja na mwenye nyumba anayemlipa.

Ichukuliwe nguzo moja ya mnara huo. Bomba lina upande wa milimita 50 na ukuta wenye unene wa milimita 1.5. Ni chuma cha kawaida, kile ambacho huanza kulegea kikibanwa kwa nguvu ya nyutoni 235 kwa kila milimita ya mraba. Mnara una kimo cha mita 4. Kila nguzo inachukua robo ya mzigo, yaani tani moja na robo. Je, itabeba?

Fundi mwenye uzoefu hulishika bomba, akaligonga, akajibu kwamba chuma hiki ni kigumu, hakiwezi kupondwa na tani moja na robo. Anasema kweli. Ili chuma cha bomba hilo kipondeke kwa kukandamizwa tu, zinahitajika karibu tani 7. Ila nguzo ndefu na nyembamba haifi kwa kupondwa. Hufa kwa kupinda upande. Inasimama wima, inapokea mzigo, inaongezewa, haionyeshi dalili yoyote, kisha kwa uzito kidogo tu wa ziada katikati yake inakimbia nje ya mstari na mzigo unaifuata. Hesabu ya viwango vya Ulaya inaonyesha kwamba bomba hili, likiwa na mita 4 bila kushikwa popote katikati, mwisho wake ni kama tani 1 na kilo 170. Huo ni uzito mdogo kuliko mzigo wake, na hapo tangi lenyewe, jukwaa na upepo havijahesabiwa, wala ile akiba ya usalama ambayo mhandisi yeyote angeiongeza.

Wa kwanza kuiweka tabia hii katika hesabu alikuwa Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, akafanya kazi St. Petersburg na Berlin. Mwaka 1744 alichapisha uchunguzi wa namna fito nyembamba zinavyojipinda, na ndani yake mlikuwa na jibu la nguzo. Euler alionyesha kwamba mzigo unaoiangusha nguzo nyembamba hautegemei uimara wa chuma dhidi ya kupondwa. Unategemea mambo matatu: ukaidi wa chuma dhidi ya kunyumbuka, namna chuma hicho kilivyopangwa kuzunguka kitovu cha nguzo, na urefu. Urefu ndio mkali kuliko yote, kwa sababu athari yake hupigwa mraba. Nguzo ikirefushwa mara mbili, mzigo unaoiangusha hushuka hadi robo.

Kuna jambo katika hesabu hiyo ambalo wengi wanaouza na kununua chuma hawalijui. Ukaidi wa chuma dhidi ya kunyumbuka ni karibu uleule kwa aina zote za chuma cha ujenzi, kiwe cha bei ya chini au cha daraja la juu. Kwa hiyo mtu mwenye nguzo ndefu na nyembamba akitoa fedha zaidi kununua chuma cha daraja kubwa, anapata nyongeza ndogo mno. Fedha hiyohiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kama angenunua bomba pana kidogo, au vipande vichache vya kufunga mishazari.

Hapo ndipo utupu wa bomba unapoonyesha thamani yake. Mtu aliye na karatasi karibu anaweza kujaribu: akiisimamisha ikiwa wazi, inaanguka yenyewe, akiiviringa ikawa bomba na kuifunga kwa uzi, inabeba kitabu. Uzito wa karatasi haukuongezeka. Kilichobadilika ni umbali wa karatasi kutoka katikati ya nguzo. Chuma kilicho mbali na kitovu hupambana na kupinda kwa nguvu zaidi kuliko kilichorundikana katikati.

Hesabu ya chuma inatoa picha kali zaidi. Bomba la mraba la milimita 100 kwa 100 lenye ukuta wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 9 kwa kila mita. Chuma hichohicho kikifanywa nondo ya duara iliyojaa, kipenyo chake kitakuwa milimita 38. Kwa urefu wa mita 3, kanuni ya Euler inaipa nondo tani 2 na nusu hivi. Bomba linapewa tani 41. Kilo zilezile za chuma, nguvu mara 17. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika ujenzi ambapo umbo peke yake linalipa kiasi hicho.

Mtu makini angeuliza: ikiwa kusogeza chuma nje kunaleta faida hivyo, kwa nini bomba lisipanuliwe zaidi na ukuta ukapunguzwa? Swali hili liliulizwa kwa fedha nyingi huko Uingereza mwaka 1845. Mhandisi Robert Stephenson alitaka kupitisha reli juu ya mlango wa bahari wa Menai, Wales, kwa daraja ambalo treni ingepita ndani ya bomba kubwa la chuma. Hakuna aliyekuwa amejenga kitu cha namna hiyo. Stephenson alimpa kazi ya majaribio mtengenezaji wa meli William Fairbairn, naye akamwita mwanahisabati Eaton Hodgkinson wa Manchester, ambaye tayari alikuwa amevunja nguzo nyingi za chuma cha kalibu ili aelewe tabia zao.

Walitengeneza mabomba ya duara, ya yai na ya mstatili, wakayapakia hadi yakaharibika. Walitarajia chuma kikatike upande wa chini unaovutwa. Badala yake, mara kwa mara upande wa juu, ule unaokandamizwa, ulikunjamana kabla chuma hakijafikia nguvu zake. Bati lilikuwa jembamba mno kwa upana wake. Suluhisho lao lilikuwa kuugawa upande huo katika vyumba vidogovidogo, ili kila kipande cha bati kiwe kifupi kati ya pembe na pembe. Daraja hilo, Britannia, lilifunguliwa mwaka 1850 likiwa na nafasi mbili kubwa za karibu mita 140 kila moja, na mabomba yake yalidumu hadi moto ulipoyaharibu mwaka 1970.

Kwa hiyo bomba lina vifo viwili. Cha kwanza ni cha nguzo nzima kupinda. Cha pili ni cha ukuta wake kubonyea: upande mmoja unaingia ndani, wa jirani unatoka nje, na mikunjo inapangana kwa zamu huku nguzo yenyewe bado imenyooka. Anayepanua bomba ili kukimbia kifo cha kwanza anajisogeza kwenye cha pili. Lile bomba la milimita 100 lenye ukuta wa milimita 3 likipanuliwa hadi milimita 200, na ukuta ukapunguzwa hadi milimita 1.5, uzito wa chuma unabaki karibu uleule. Lakini kuta zake huanza kubonyea kwa mkazo mdogo, kama nyutoni 45 kwa milimita ya mraba, wakati chuma cha daraja la 355, yaani kinachoanza kulegea kwenye nyutoni 355, kingeweza kufika karibu mara nane ya hapo.

Hata hivyo kubonyea si mwisho wa habari, na ugunduzi huu ulitoka kwenye ndege. Waunda ndege wa miaka ya 1930 walikuwa wakitumia bati jembamba kupita kiasi, na mwaka 1932 Theodore von Kármán na wenzake walieleza kwamba bati lililobonyea katikati haliachi kubeba. Katikati hulegea, mzigo ukahamia kingoni, karibu na pembe zinazoshikiliwa. Kwa hesabu, mtu anaweza kulitupa lile eneo la katikati na kudhani kwamba ni vipande viwili vya kingoni tu vinavyofanya kazi. Huo ndio upana unaofanya kazi.

Aliyeihamisha fikra hiyo kutoka ndege hadi nyumba ni George Winter. Alizaliwa Vienna mwaka 1907, akahamia Marekani mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaanza katika Chuo Kikuu cha Cornell majaribio yaliyodhaminiwa na taasisi ya viwanda vya chuma ya Marekani. Wakati huo bati lililokunjwa baridi lilikuwa likitumika majumbani bila kanuni ya kuaminika. Winter alipima mihimili na nguzo nyembamba moja baada ya nyingine, akairekebisha kanuni ya von Kármán ili iendane na bati halisi, lenye mabonde madogo na mikazo ya kiwandani. Mwaka 1946 Marekani ikatoa mwongozo wake wa kwanza wa chuma kilichokunjwa baridi, ukiwa umejengwa juu ya kazi hiyo. Kwa kanuni ya Winter, lile bomba letu la milimita 200 lenye ukuta wa milimita 1.5 linabakiwa na karibu theluthi moja tu ya chuma chake inayofanya kazi pale kona zinapofikia nguvu kamili. Theluthi mbili zimenunuliwa, zimesafirishwa, zimepakwa rangi, na hazibebi.

Mafundi wa Afrika Mashariki wana neno lao la unene, geji, na wanajua kwamba namba ikipanda unene unashuka. Wanachopaswa kukiongeza ni mazoea ya kulinganisha unene huo na upana. Bomba la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina upana unaozidi unene mara 33, na hapo kuta hazina tatizo. Unene uleule kwenye bomba la milimita 150 ni hadithi nyingine kabisa, hata kama muuzaji ataliita kubwa na imara.

Hadi hapa chuma kimechukuliwa kana kwamba hakina historia. Bomba la mraba linayo, na ni historia ya kulazimishwa. Kiwandani, chuma bapa hufika kikiwa kimeviringwa katika koili kubwa. Hupasuliwa kuwa mikanda mirefu. Kwa bomba la milimita 50 mkanda huwa na upana wa karibu milimita 190. Mkanda hupita kati ya jozi za magurudumu ya chuma, kila jozi ikiukunja kidogo zaidi, hadi kingo mbili zikutane na kuunganishwa kwa umeme wa masafa ya juu. Kwa njia iliyo ya kawaida zaidi, kinachotoka ni bomba la duara, ambalo magurudumu mengine hulibana likawa mraba. Kazi yote ya kukunja hufanyika chuma kikiwa baridi. Mwishoni hukatwa vipande, kwa kawaida vya mita 6. Dar es Salaam, kiwanda cha ALAF kilichoanzishwa mwaka 1960 ni miongoni mwa vinavyotengeneza mabomba ya aina hii.

Chuma kilichokunjwa baridi hubadilika. Penye kona, palipokunjwa sana, kinakuwa kigumu zaidi ya kilivyokuwa kwenye koili. Hiyo ni faida ya bure, kwani kona ndizo zinazobeba pale kuta zinapobonyea. Lakini ugumu huo una gharama: chuma kimeshatumia sehemu ya uwezo wake wa kuvutika. Pia ndani ya unene wa ukuta hubaki mikazo iliyojifungia, nje ikivutwa na ndani ikibanwa, bila mtu kuigusa. Anayelipasua bomba kwa urefu wake huiona mikazo hiyo kwa macho. Bomba linafunguka, na mkanda uliokatwa kutoka ukutani hujikunja wenyewe mara tu msumeno unapoutenga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliifanya kazi hiyo kwa utaratibu katika miaka ya 1980. Australia ilikuwa imechagua kwa dhati mabomba yaliyokunjwa baridi, na wahandisi wake walihitaji kujua kama hesabu za nguzo za chuma cha moto, yaani kilichoundwa kikiwa na joto kali, zinafaa. Peter Key, S. W. Hasan na Gregory Hancock walipima mikazo iliyomo kwenye kuta, wakajaribu vipande vya chuma kutoka kona na pande, wakakandamiza nguzo fupi na ndefu, kisha mwaka 1988 wakachapisha matokeo. Nguzo fupi hutumika kupima ukuta peke yake, kwa kuwa haina urefu wa kupinda. Nguzo ndefu huonyesha mapambano yote mawili kwa pamoja. Walichokiona ni kwamba mikazo iliyojificha katika unene wa ukuta haiwezi kupuuzwa: inafanya chuma kianze kulegea mapema, kidogo kidogo, mahali pa kuwa na hatua moja ya wazi. Chuma cha moto kikivutwa kwenye mashine huonyesha waziwazi pale kinapolegea. Cha baridi hupinda mstari wake taratibu, hivyo wapimaji hukubaliana kuhesabu pale kinapokuwa kimebaki na urefu wa ziada wa asilimia 0.2 baada ya kuachiwa.

Nguzo halisi pia haijanyooka kikamilifu. Kanuni za Ulaya zilijengwa juu ya zaidi ya majaribio 1,000 ya nguzo, na zinakadiria kwamba kila nguzo imepinda tangu mwanzo kwa sehemu moja kati ya 1,000 ya urefu wake. Kwa nguzo ya mita 3 hiyo ni milimita 3, kiasi ambacho jicho haliwezi kukikamata. Ukichanganya upinde huo na mikazo ya ndani, unapata sababu ya kanuni hizo kuwa na mistari mbalimbali ya nguvu kwa nguzo mbalimbali. Bomba lililokamilishwa kwa moto limewekwa kwenye mstari wa a. Lililokunjwa baridi limewekwa kwenye mstari wa c, chini zaidi.

Maana yake kwa kilo na tani ni hii. Lile bomba la milimita 100 lenye ukuta wa milimita 3, chuma cha daraja la 355, urefu wa mita 3, ncha zote mbili zikiwa zimeshikwa zisiyumbe: Euler peke yake aliahidi tani 41. Mstari wa bomba la moto unakubali tani 27. Mstari wa bomba la baridi unakubali tani 22. Tani 5 zimepotea kwa sababu ya namna bomba lilivyotengenezwa, ingawa ukiyaweka mabomba hayo mawili mezani na kuyapaka rangi moja yanakaribia kufanana. Mchoraji anayechukua jedwali la bomba la moto kutoka kitabu cha ng'ambo na kulitumia kwa bomba la dukani kwetu anajipa nguvu isiyokuwepo.

Nguzo hiyohiyo ikirefushwa hadi mita 6, tani 22 zinashuka hadi 8.

Japani ilifundishwa jambo jingine, kwa uchungu. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe na viunga vyake na kuua zaidi ya watu 6,000. Japani hutegemea sana nguzo za mabomba ya mraba katika majengo ya chuma yenye ghorofa chache na za kati. Wakaguzi walikuta majengo ambayo chuma chake kilikatika kwenye maungio yaliyochomelewa kati ya nguzo na mihimili, kwa mpasuko wa ghafla, bila kunyumbuka kwanza kama wahandisi walivyotarajia. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo ubora wa uchomeleaji na umbo la maungio. Ila chuma kilichokwisha kukunjwa kiwandani nacho kilitazamwa upya, na baada ya tetemeko Japani iliweka taratibu maalumu za kusanifu nguzo zilizokunjwa baridi. Kanuni za Ulaya nazo zinaweka masharti kwa anayechomelea karibu na kona iliyokunjwa kwa ukali mno, kwa kuwa joto la kuchomelea likikutana na chuma kilichochoka hukipunguzia uwezo wa kuvumilia.

Tangi la lita 5,000 bado liko juu ya nguzo zake za mita 4, na hesabu ilisema hazitoshi. Fundi afanye nini? Anaweza kununua mabomba mazito zaidi, na hilo litasaidia. Njia ya bei nafuu ni kuishika nguzo katikati. Mihimili ya mlalo ikifungwa kwenye kimo cha mita 2, pamoja na mishazari katika pande zote nne za mnara, urefu wa kupinda unakuwa nusu. Nguvu ya kila nguzo inapanda kutoka tani 1 na kilo 170 hadi zaidi ya tani 3. Bomba halikubadilika hata kidogo. Kilichoongezwa ni vipande vichache vya engo na fito za kuchomelea.

Mishazari ndiyo ya lazima hapo. Mihimili ya mlalo peke yake huziunganisha nguzo ili ziyumbe kwa pamoja, kama hakuna maungio magumu ya kuizuia. Hali mbaya kuliko zote ni ya nguzo iliyokazwa chini na kuachwa huru juu. Kwa Euler nguzo hiyo huhesabiwa kana kwamba ina urefu mara mbili, na bomba letu la mita 4 likisimama hivyo linafikia mwisho wake kwenye kilo 360 tu. Minara mingi inayoonekana mitaani ikiwa na nguzo nne na mihimili juu, bila mshazari hata mmoja, iko karibu na hali hiyo kuliko wenyewe wanavyodhani. Inasimama kwa sababu mabomba yake ni mapana kuliko haya, au maungio yana ugumu kiasi, au tangi halijawahi kujaa huku upepo ukivuma.

Timazi nayo ni chombo cha uhandisi. Nguzo iliyosimamishwa ikiwa imeinama inaongeza upinde juu ya ule wa kiwandani, na mzigo wa tani moja na robo ukikaa sentimita 5 nje ya mstari hubeba nguzo kuelekea kule ilikokwisha kuanza kwenda. Fundi anayechukua muda kuning'iniza timazi pande mbili kabla ya kufunga mishono anaokoa nguvu ambayo fedha haiwezi kuirudisha baadaye.

Unene wa bomba unaweza kuhakikiwa hata na mnunuzi asiye na kipimo maalumu. Bomba la milimita 50 lenye ukuta halisi wa milimita 1.5 na urefu wa mita 6 lina uzito wa kilo 13 na nusu hivi. Ukuta ukiwa milimita 1.2, uzito unashuka hadi karibu kilo 11. Mizani ya kawaida ya duka la nafaka inaiona tofauti hiyo mara moja, ilhali jicho likitazama ncha ya bomba iliyokatwa kwa msumeno na kuachwa na makombo hudanganyika. Kwa nguzo zinazobeba mzigo juu ya watu, kipimo hicho hakipaswi kuwa jambo la aibu kumwomba muuzaji.

Kuna wanaojaza bomba kwa zege, na si ushirikina. Zege huuzuia ukuta usiingie ndani, hivyo mikunjo haipati nafasi ya kuanza kwa urahisi. Nayo huchukua sehemu ya mzigo na kuchelewesha joto pakitokea moto. Chuma kikifika nyuzi 600 hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na bomba jembamba tupu hufika huko haraka. China imejenga majengo marefu kwa nguzo za namna hii, likiwemo SEG Plaza la Shenzhen. Anayejaza zege akumbuke kutoboa matundu madogo karibu na ncha, kwa sababu zege lina maji, na maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa hutafuta njia ya kutokea.

Pwani ina adui wa ziada. Bomba lililoachwa wazi juu hukusanya mvua, na hewa ya chumvi huingia ndani ambako brashi ya rangi haifiki. Kutu inayokula milimita 0.4 kwenye chuma kinene ni upele tu, lakini kwenye ukuta wa milimita 1.5 ni zaidi ya robo ya nguzo, na hupotea kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Kwa hiyo ncha za juu huzibwa kwa bamba lililochomelewa pande zote, na kitako huinuliwa juu ya zege ili maji yasituame kukizunguka. Bomba litakalopelekwa kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka hufanyiwa kinyume: lazima liachiwe matundu, kwani zinki hiyo ina joto la nyuzi 450 hivi, na unyevu uliofungiwa ndani huweza kulipasua bomba mbele ya wafanyakazi. Matundu hayo huzibwa baadaye, bomba likishapoa na kukaguliwa.